Mikono ya Darajani: Taarikhi ya Desturi ya Kulisha Ndege

Mtu aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa shakwe ni ndege gani, kwa maana amemwona tangu utotoni akizunguka juu ya ngalawa zinazorudi na samaki. Lakini pengine atastaajabu kusikia ya kwamba desturi mojawapo iliyoenea mno katika nchi za Uingereza na Marekani, yaani desturi ya kuwaandalia ndege wa porini chakula nje ya dirisha la nyumba na kuketi kuwatazama, ilipata nguvu katika mji wa London kwa ajili ya shakwe hao hao. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, baridi kali ilipoujaza mto Thames vipande vya barafu, shakwe walipanda mto kutoka baharini wakitafuta riziki, wakafika hata chini ya madaraja ya katikati ya mji, na W. H. Hudson, mzaliwa wa mbuga za Argentina aliyehamia Uingereza na kutoa kitabu chake cha ndege wa London mwaka 1898, ameeleza jinsi watu walivyosimama juu ya madaraja na bunduki zao wakiwapiga ndege kwa mchezo, mpaka wenye amri wakaipiga marufuku bunduki mahali hapo, na jinsi majira machache tu baadaye vibarua na vijana wa kazi walivyosongamana pale pale, saa ya chakula cha mchana, wakiwarushia shakwe mabaki ya mkate wao.

Nimeyatanguliza madaraja hayo kwa kusudi. Wengi waandikao habari hizi hupenda kuanza na mtawa fulani au bwana fulani mwenye shamba, nami nitawataja hao mahali pao. Walakini mtawa ni mtu mmoja, na huruma ya mtu mmoja haifanyi desturi. Darajani palikuwa na kaumu ya watu, tena watu maskini ambao mkate wao haukuwa na ziada kubwa, na kilichobadilika pale hakikuwa mahali, wala ndege, wala baridi, bali ni kile kilichokuwamo mkononi. Ningependa msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa karibu kila nitakachosimulia, tangu kofia za mabibi hata chupa za maji ya sukari, ni habari ya mkono uliozoea kuua ndege au kumfunga, ukajifunza kufunguka.

Kwetu sisi desturi ya namna hii haikupata kuota, na sababu yake si ugumu wa moyo. Mkulima wa mpunga au mtama huyaona makundi ya ndege kuwa ni washiriki wasiokaribishwa. Tangu nafaka inapotia maziwa hata siku ya mavuno, watoto kwa wazee hupanda ulingoni na teo zao na makopo ya kugonga, wakaamia ndege kutwa nzima, na asiyeamia hana atakachovuna. Fauka ya hayo, nchi isiyojua theluji haimfungii ndege mlango wa riziki hata siku moja, kwa hiyo hakuna asubuhi ambayo mtu huamka akawaona shomoro wamekufa kwa njaa chini ya dirisha lake. Hata hivyo, fikra yenyewe si ngeni kwetu. Mwislamu wa pwani amefundishwa chuoni ya kwamba mtu akipanda mti au mmea, kisha mwanadamu au mnyama au ndege akala katika mazao yake, huandikiwa sadaka. Na njiwa wa Haram ya Makka hawindwi, na mahujaji wengi huwatupia nafaka. Waingereza waliifikia huruma hiyo kwa njia nyingine, nayo ni njia ya baridi.

Yafaa tueleze pia ni nini hayo wayaitayo majira ya kuchipua. Sisi twauhesabu mwaka kwa pepo na mvua, kaskazi na masika, kusi na vuli. Wao huuhesabu kwa miti, ambayo aghalabu hupukutisha majani yote mnamo Oktoba na Novemba, ikakaa uchi miezi ya baridi, kisha kati ya Machi na Mei ikatoa machipukizi, na wadudu wakaamka, na ndege walioikimbia baridi wakarejea makundi kwa makundi kutoka nchi za joto. Ndipo meza ya ndege inapokuwa na mambo. Wakati wa theluji hufikiwa na wenyeji wachache wenye njaa. Wakati wa kuchipua hufikiwa na wageni waliovuka bahari, wamevaa rangi mpya, wanaimba, wanagombania wake na mipaka, na mtazamaji huona kwa juma moja mambo asiyoyaona kwa miezi mitatu ya baridi. Ajabu yake ni kwamba chakula chenyewe hapo hakihitajiwi sana. Desturi iliyoanza kwa kuokoa maisha hufikia utamu wake wakati ambapo maisha hayamo hatarini.

Katika masimulizi ya kale ya Wakristo wa Scotland mna habari ya Mtakatifu Serf wa Culross, aliyekuwa na robini, kidege wa kifua chekundu, aliyemzoea hata akala mkononi mwake. Wanafunzi wake wakamuua yule ndege katika mchezo, wakamsingizia mwenzao Kentigern, naye Kentigern akamwomba Mungu, ndege akafufuka. Mwenye kutaka kuamini aamini. Lililo dhahiri ni kwamba ndege huyo amechorwa katika nembo ya mji wa Glasgow mpaka leo. Baada ya hapo twaweza kupita karne nyingi bila hasara, tukafika miaka ya 1820, ambapo John Freeman Dovaston, bwana mmoja wa jimbo la Shropshire, rafiki wa Thomas Bewick mchongaji wa picha za ndege, alitengeneza kihori cha kuwalishia ndege karibu na dirisha lake, akakipa jina refu la Kiyunani lenye maana ya kilisha-ndege, akaandika orodha ya waliokuja. Ng'ambo ya Atlantiki, Henry David Thoreau, aliyeishi peke yake katika kibanda kando ya ziwa Walden tangu mwaka 1845 hata 1847, aliyatupa mahindi mabichi yasiyokomaa juu ya theluji mbele ya mlango wake, akajiburudisha kwa kutazama kuchakuro na ndege wakija kwa zamu, kila mmoja na tabia yake. Hao walikuwa watu wa pekee, na majirani zao aghalabu waliwaona kuwa ni watu wa ajabu.

Kilichowafanya wengine wafuate ni majira ya baridi ya 1890 na 1891. Baridi hiyo ilikuja mapema na ikakaa. Ardhi ya Uingereza ya kusini iliganda kwa majuma mengi mfululizo, na ndege wanaookota chakula chao udongoni hawakuwa na pa kutia mdomo. Magazeti yaliwahimiza wasomaji watoe makombo na shahamu nje, na watu wakatoa. Jambo dogo, mtu atasema; lakini mwenye kumtupia ndege makombo leo, kesho hutazama kama amerudi, na kesho kutwa hutaka kujua jina lake. Zamani hizo nyumba nyingi za Waingereza zilikuwa na chiriku ndani ya kitundu, aliyenaswa kwa ulimbo na kuuzwa sokoni, na mtu aliyependa sauti ya ndege hakujua njia nyingine ya kuisikia ila kumfunga mwenye sauti. Dirisha lilimpa njia hiyo nyingine.

Siku hizo hizo vita kubwa zaidi ilikuwa ikipiganwa juu ya vichwa vya wanawake. Mwaka 1886 Frank Chapman, kijana aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa ndege, alitembea alasiri mbili katika mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia za mabibi, akapata kofia 700, na katika hizo 542 zilikuwa na manyoya, akaweza kuwatambua ndege wa aina arobaini waliokufa kwa ajili ya mapambo hayo. Waliodhulumiwa kupita wote ni yangeyange, jamaa za ndege hawa weupe tunaowaona wakifuata ng'ombe na kusimama kandokando ya maji. Unyoya ule mrefu uliotafutwa na wafanyi biashara humwota ndege wakati wa kutaga tu, na kwa hiyo mwindaji alimwendea kiotoni, akamuua, akaacha makinda yafe kwa njaa na jua. Hapa ndipo nionapo ubaya wa biashara ile waziwazi: ilichagua majira ya uzazi kuwa majira ya kuua. Mwaka 1889, huko Didsbury karibu na Manchester, Emily Williamson aliwakusanya wanawake wenziwe, wakaweka ahadi ya kutovaa manyoya, na chama chao, ambacho mwaka 1904 kilipewa hati ya kifalme, kimekuwa chama kikuu cha kuhifadhi ndege cha Uingereza. Na mwaka 1896 mjini Boston, Harriet Hemenway na binamu yake Minna Hall walifanya vivyo hivyo, wakiwaalika wenzao kwenye karamu za chai mpaka mabibi mia kadhaa wakaziacha kofia zao. Sheria zilifuata polepole, Marekani kabla ya Uingereza, ambayo haikuyazuia manyoya ya kigeni bandarini mwake hata mwaka 1921. Si sadfa, kwa rai yangu, kwamba mabibi waliovua manyoya ndio waliotundika vihori. Aliyemwondoa ndege kofiani alitaka kumwona mahali penginepo.

Ujerumani nako palikuwa na mtu aliyeifanya kazi hii kwa nidhamu ya kijeshi, naye ni Baron Hans von Berlepsch, aliyeigeuza ngome yake ya Seebach, katika nchi ya Thuringia, ikawa kama chuo cha kuhifadhi ndege. Alichonga viota vya magogo kwa kipimo cha matundu ya kigogota. Na kwa chakula cha baridi aliyeyusha shahamu, akachanganya na mbegu na unga wa nyama, akaumimina uji huo wa moto juu ya matawi ya mti wa msonobari hata ukagandamana nayo, mti ukawa chakula kitupu tangu shina hata ncha. Kitabu kilichoeleza mbinu zake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1908, na miaka miwili baadaye jarida la Punch la London liliweza kuandika kwamba kulisha ndege kumekuwa burudani ya taifa.

Mwaka huo wa 1910 una kisa kingine, ambacho kwa upande mmoja kinatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara, na kwa muda wa karibu mwaka mzima yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama zaidi ya mia tano, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya majumba ya makumbusho na kwa ajili ya shauku yake mwenyewe ya kuwinda. Kabla ya kusafiri alikuwa amepeleka neno Uingereza kwamba akirudi angependa apate mtu wa kumfundisha sauti za ndege wa nchi hiyo wakati wa kuimba kwao, kwa sababu alikuwa amewasoma vitabuni bila kuwasikia. Aliyejitolea ni Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 9 Juni 1910 watu hao wawili, ambao dunia iliwajua kwa siasa na manowari, waliwaacha makatibu wao wote, wakatembea bondeni mwa mto Itchen, kisha wakaingia katika msitu wa New Forest, wakisikiliza. Grey amesimulia kwamba Roosevelt hakuhitaji kuelezwa jina la ndege mara mbili, na kwamba sauti moja tu aliitambua mwenyewe kuwa yafanana na ya ndege wa kwao, nayo ni ya kidege mdogo kupita wote, mwenye utepe wa dhahabu kichwani. Ni mwindaji yule yule aliyesimama miezi michache nyuma juu ya mizoga ya vifaru. Siandiki hayo ili kumsuta. Nayaandika kwa kuwa mkono ule ule unaweza kushika vyote viwili, na taarikhi ya desturi hii haisomeki vizuri kwa mwenye kudhani kwamba watu wa bunduki na watu wa makombo walikuwa kabila mbili mbalimbali.

Grey mwenyewe alikuwa mlishaji hodari. Nyumbani kwake Fallodon, katika Northumberland, aliwazoeza robini kula mkononi, na katika kitabu chake cha mwaka 1927 alieleza namna ya kufanya kwa uangalifu ule ule ambao zamani aliutumia katika nyaraka za mabalozi. Kwanza humtupia ndege makombo. Kisha humwekea chini kikopo chenye funza wa unga, ambao robini hawezi kuwakataa. Ndege akizoea kikopo, mtu hupiga goti, akauweka mkono wake chini na kikopo juu ya kiganja. Na ndege akishakubali kusimama vidoleni mara moja, kikopo chaweza kuondolewa, akala katika kiganja. Wakati wa baridi, asema, kazi yote hiyo hutimia kwa siku chache. Lakini lililo zuri zaidi huonekana majira ya kuchipua yanapoanza, kwa kuwa robini dume, ambaye muda wote wa baridi alikula peke yake na kumfukuza kila mwenziwe, sasa huja mkononi akamchukua funza, asimle, akaruka naye hata kichakani alipo mkewe anamngoja, akamtia mdomoni. Wakati huo macho ya Grey yalikuwa yamekwisha kufifia, na kusoma kwake kulikuwa kwa shida kubwa. Alimjua ndege kwa uzito wake mdogo juu ya kidole.

Marekani desturi ilichukua sura ya ujirani kuliko ya mtu mmoja. Katika kijiji cha Meriden, jimbo la New Hampshire, Ernest Harold Baynes aliwashawishi wenyeji waunde chama cha ndege mwaka 1910, na punde si punde karibu kila nyumba ikawa na kihori dirishani na viota mitini, watu wakakiita kijiji cha ndege. Mnamo Septemba 1913 paliigizwa huko, msituni, mchezo wa mashairi uliotungwa na Percy MacKaye, na Rais Woodrow Wilson aliketi miongoni mwa watazamaji, na binti zake wawili walikuwa katika waigizaji. Kiini cha mchezo ni mwindaji wa manyoya anayekutana na roho ya ndege, akatubu, akaitupa silaha yake. Leo pengine mchezo huo ungeonekana wa kizamani. Mwaka 1913, sheria ya kulinda ndege wahamao ikiwa ndiyo kwanza imetiwa sahihi, ulikuwa habari ya siku.

Marekani ilileta pia mgeni ambaye Ulaya haina, naye ni kolibri. Msomaji wa pwani na amfikirie chozi, anavyohangaika juu ya ua la mgomba, kisha ampunguze hata uzito wake uwe kama wa gramu tatu, na ampe mabawa yapigayo mara hamsini hivi kwa sekunde moja, hata aweze kusimama hewani bila kukanyaga kitu. Kolibri wa koo jekundu hukaa miezi ya baridi katika Amerika ya Kati, na majira ya kuchipua yakikaribia wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja, safari ya kilomita 800 na zaidi bila kituo, kisha wakaelekea kaskazini wakifuata maua. Kaskazini kabisa hufika mara nyingine maua hayajafunguka, na hapo huokolewa na aina moja ya kigogota anayetoboa safu za matundu katika magome ili anywe utomvu. Kolibri huja nyuma yake akanywa katika matundu yale yale. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Laurence J. Webster wa Boston, ambaye mkewe aliwapenda sana ndege hao, alibuni chupa ya kioo ya kuwanyweshea maji ya sukari, akapata fundi wa kioo wa kuitengeneza. Na baadaye Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha ufundi cha MIT aliyevumbua taa ya kumetameta upesi mno, akawapiga picha katika bustani ya akina Webster, na kwa mara ya kwanza watu wakaliona bawa ambalo jicho lilikuwa likiona ukungu tu. Kipimo cha maji hayo ni chepesi: sukari nyeupe kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, bila rangi na bila asali, na chupa ioshwe kila baada ya siku chache.

Mtu aliyepata kuketi kwenye dirisha la New England mapema mwezi wa Mei atayakumbuka mandhari yale. Chiriku wa huko, ambaye muda wote wa baridi alikuwa na rangi ya majani makavu, huonekana amechakaa viraka viraka, nusu kijivu nusu manjano, kwa kuwa yuko katikati ya kubadili manyoya. Baada ya siku kadhaa dume huwa manjano matupu kama embe lililoiva. Hufika ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene na doa jekundu kifuani kama aliyemwagiwa damu, ametoka Amerika ya Kusini, akaketi kihorini bila haraka akibangua alizeti. Hufika pia ndege wa Baltimore, rangi ya chungwa na nyeusi, aliyepewa jina hilo kwa sababu rangi zake zilifanana na nembo ya mabwana wa Baltimore walioanzisha koloni ya Maryland. Na watu, wakijua kwamba hali mbegu, humkatia chungwa vipande viwili na kukitia kipande msumarini. Sijapata kuona takrima iliyo nyepesi kama hiyo: tunda la bei rahisi, msumari mmoja, na ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita akala mbele yako.

Penye haja biashara haikosi. Alizeti, ambayo wakulima wa Singida na Dodoma waijua kwa mafuta yake, ilianza kulimwa na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini; ikachukuliwa Ulaya katika karne ya kumi na sita, ikastawishwa sana Urusi, kisha ikarudi kwao, na leo mbegu yake nyeusi yenye ganda laini ndiyo chakula kikuu cha meza za ndege. Mwaka 1969 Peter Kilham wa Rhode Island alitengeneza bomba la kung'aa lenye matundu na vijiti, ambalo mbegu haziloi ndani yake na kiasi kilichobaki huonekana kwa nje, na mfano wake umeigwa duniani kote. Mbegu nyingine ina safari iliyotupitia karibu: Wahabeshi hulima mmea wa maua ya manjano wauitao nug, wakakamua mafuta ya mbegu zake nyembamba nyeusi, na mbegu hizo, zilimwazo pia Bara Hindi, zimekuwa chakula cha chiriku Marekani na Uingereza. Marekani hutaka zipashwe moto kabla hazijaingia, ili magugu yaliyochanganyika nazo yasiote. Hivyo mkulima wa nyanda za Uhabeshi humlisha ndege asiyepata kumwona.

Kutazama kulizaa kuhesabu. Mwaka 1979 chama kile kilichoanzishwa kwa ahadi ya akina mama wa Didsbury kiliwaalika watoto wa Uingereza wahesabu ndege wa bustani zao. Leo wahesabuji ni watu wazima kwa watoto, malaki ya watu kila mwezi Januari. Marekani na Kanada kazi kama hiyo ilianza Ontario mwaka 1976, na tangu mwaka 1987 huendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell. Ndipo lilipojulikana jambo ambalo Dovaston na Thoreau hawakuliwazia, nalo ni kwamba meza humbadili ndege. Yuko kidege mmoja wa kijivu, ambaye dume lake lina kofia nyeusi, anayezaa Ujerumani na zamani akihamia Hispania na Afrika ya Kaskazini wakati wa baridi. Tangu miaka ya 1960 walianza kuonekana Uingereza wakati huo, wakila kwenye bustani za watu. Na Peter Berthold, mtaalamu wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1992 kwamba makinda ya ndege hao, hata wakilelewa kizimbani, huelekea magharibi kwa silika waliyoirithi. Kwa kuwa safari ya Uingereza ni fupi, hurudi Ujerumani mapema majira ya kuchipua yanapoingia, na aghalabu huoana wao kwa wao. Makombo yamefungua njia ya angani.

Lakini mahali pakusanyikapo wengi hukusanyika na maradhi. Mwaka 1994 chiriku wekundu wa Marekani ya mashariki, ambao wazee wao walifunguliwa Long Island mwaka 1940 na wauza ndege walioogopa sheria, walionekana karibu na Washington wakiwa wamevimba macho, vipofu, wamekaa juu ya vihori wasiweze kuruka. Na tangu mwaka 2005 ugonjwa wa koo umewapunguza chiriku wa kijani wa Uingereza hata wakawa wachache bustanini walikokuwa wengi. Maradhi yote mawili huenea ndege wagonjwa na wazima wanapokutana kwenye kihori kimoja. Aliyemtazama ndege mgonjwa akijaribu kumeza asiweze, kwenye chakula alichokiweka yeye mwenyewe kwa mapenzi, ana haki ya kuuliza kama mapenzi yatosha. Jawabu la wajuzi ni kazi ya mikono: kuosha kihori kwa maji ya moto, kukikausha, kukihamisha mahali, na ndege mgonjwa akionekana, kuondoa chakula chote kwa majuma kadhaa ili wageni watawanyike.

Juu ya majira ya kuchipua yenyewe rai hazikupata kuwa moja. Zamani Waingereza walifundishwa wafunge meza baridi inapokwisha, kwa hofu ya karanga nzima zinazoweza kulikaba kinda. Baadaye wakaambiwa walishe mwaka mzima, ila karanga ziwe ndani ya wavu wa chuma, ndege asiweze kuzitoa nzima. New Hampshire hoja ni nyingine kabisa, nayo ni dubu, ambaye huamka katika usingizi wake wa baridi akiwa na njaa, akaufuata mnuko wa alizeti mpaka barazani, naye akiisha kuzoea nyumba za watu mwisho wake aghalabu ni risasi. Kwa hiyo maofisa wa wanyama wa jimbo hilo huwasihi wenyeji wavishushe vihori vyote tangu tarehe 1 Aprili hata tarehe 1 Desemba. Katika kijiji cha Meriden na vijiji vya jirani, mwenye nyumba anayewatii hulishusha bomba lake la mbegu siku ambapo wageni wenye rangi ndiyo kwanza wako njiani, akalisugua, akaliweka ghalani pamoja na chupa ya maji ya sukari. Kisha mwezi ukielekea kwisha hutoka asubuhi kuyatazama magome ya miti iliyo karibu na dirisha lake, kama kigogota amekwisha kutoboa safu mpya. Maana penye matundu yenye utomvu, kolibri hatakawia.